Mama Amenibipu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na muuguzi, si hamu yangu. Amesema niandike kila siku Mama amekula nini, amelala vipi, mkono umesogea au haujasogea, maana tukifika kliniki kila mtu anasema lake na daktari anabaki kutukodolea macho. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuandika vipimo: kiuno, bega, urefu. Nitaandika hivyohivyo, na yatakayozidi yatazidi.

Basi vipimo kwanza. Ni wiki ya saba tangu Mama apate kiharusi. Mguu wa kulia unaburuta. Mkono wa kulia unashika lakini haukazi. Korido alimoangukia hataki kuikanyaga bila kushikwa pande zote mbili, na muuguzi akimwambia ajaribu anafumba macho kama hasikii. Maneno ndiyo yameharibika zaidi. Analijua neno, unaliona kabisa machoni mwake, lakini linalotoka ni lingine. Juzi alitaka maji akaomba dirisha. Na huyu ni mwanamke aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja. Mtaa wote unamwita Mwalimu, na nusu ya mtaa huo ni yeye aliyeufundisha kusoma.

Jana tulikaa kikao, ndugu watatu. Kaka mkubwa ni msimamizi wa ghala mji mwingine, saa saba kwa basi, na hata ndani ya nyumba huongea kwa sauti ya ghala. Alisema Mama hawezi kuachwa peke yake. Mimi nina duka na watoto mitaa miwili kutoka hapa, na kwangu Mama hataki kuhamia. Kwa hiyo aende kwa Kaka, na nyumba hii ifungwe. Mama aliposikia "ifungwe" akageuzia uso ukutani. Tulibishana mpaka tukafika hapa: mwisho wa Mei, mvua zikiisha, Kaka anakuja na likizo yake. Akimkuta Mama anaweza kushinda peke yake, yaani kuamka, kuwasha taa, kufungua mlango na kuita msaada, atabaki kwake. Asipoweza, anaondoka naye. Sitaki kuandika ninachofikiri kuhusu nyumba kufungwa na nani atakaa na funguo.

Aliyeomba muda huo ni mdogo wetu, fundi wa majokofu na redio. Tunamwita Karibu, na si kwa ukarimu: ukimuuliza kazi imefika wapi, jibu lake ni "karibu". Pasi yangu iko karibu tangu mwaka juzi. Alisema, "Nipeni hizi mvua tu. Nitaifanya nyumba imsikie Mama." Kaka akaniangalia, nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza mwaka huu mimi na Kaka tulikubaliana bila kusema neno.

6 Machi

Mvua. Karibu ametoboa ukuta. Mama amekula vizuri.

7 Machi

Ametoboa tena, mahali pengine. Tundu la kwanza halikuwa lenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nyumba imesikia, na laiti isingesikia.

Kitu chenyewe anakiita Sikio. Ni simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, imelazwa ndani ya kopo la siagi lililotobolewa matundu, na kopo limetundikwa sebuleni, pale korido inapoishia, likitazamana na mlango wa chumba cha Mama. Kutoka hapo waya unapanda darini hadi kwenye kidude kinachobofya, na kikibofya taa inawaka. Mvua hizi nyumba huwa giza hata saa sita mchana, na swichi ziko juu kwa sababu Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mrefu na aliweka kila kitu kwa kipimo chake.

Karibu alikaa na Mama asubuhi nzima akimrudisha shule: sema washa, sema zima. "Washa" ilitoka "asha", na "zima" ilitoka "ima". Akasema haidhuru, Sikio litamfuata Mama, si Mama alifuate Sikio. Hapo, nakiri, nilimpenda kidogo. Tena akaliachia lisikie mtu yeyote, ili na sisi tuweze kulitumia. Mama akasema "asha", taa ikawaka. Akasema "ima", ikazimika. Nilipiga makofi.

Ndipo akaingia Jirani, mstaafu wa posta, mwanamke mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Akasimama mlangoni na mwavuli wake: "Mwalimu, mzima wewe?" Taa ikazimika. Karibu akaiwasha. "Na hawa watoto wote wazima?" Ikazimika. Karibu akaiwasha, jasho limeanza kumtoka. Jirani akasema amefurahi kuiona familia nzima mahali pamoja, na tukarudi gizani. Akasema nyumba hii waya zake zitakuwa zimeoza, tumwite fundi. Fundi alikuwa amesimama mbele yake na bisibisi mdomoni.

Jumapili, 10 Machi

Wageni kumi na mmoja kumjulia Mama hali. Wote walitaka kujua kama ni mzima. Mmoja alisema "kwa heshima yako Mwalimu", taa ikazimika hata kwa hiyo heshima.

Jumanne, 12 Machi

Karibu amebadilisha maneno. Taa sasa inawaka kwa "amka" na kuzimika kwa "lala". Amejisifu tangu jana kwamba haya ni maneno mafupi, ya kinyumba, hata ulimi mzito unayaweza.

Muuguzi amefika saa tatu asubuhi. "Umeamkaje, Mwalimu?" Taa ikawaka. "Umelala salama?" Ikazimika. "Umeamka na maumivu yoyote?" Ikawaka. Karibu akashika kichwa, akasema watu wetu wakikutana hawana jingine ila kuulizana kama wamelala, wameamka, na kama ni wazima, na kati ya maneno yote ya dunia yeye amechagua hayo matatu.

Nataka niandike vizuri kilichofuata. Mama alicheka. Mdomo ulipinda upande mmoja, bega likatikisika, chozi likamtoka jicho la kushoto. Ni mara ya kwanza tangu Januari. Karibu akaacha kujishika kichwa, akabaki anamwangalia, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Ijumaa, 15 Machi

Nimegombana na Karibu, tumesimama juu ya kitanda cha Mama kama hayupo. Mimi nilikuwa nahesabu matundu ya ukutani (tisa), yeye ananieleza kwamba kila tundu lilikuwa na sababu yake. Sauti zikapanda.

"Kimya," akasema Mama.

Tukageuka. Neno lilikuwa zima, halina kovu. Akatuangalia mmoja mmoja, vile alivyokuwa akiangalia madawati ya nyuma. "Kaa chini."

Karibu, mwanamume wa miaka thelathini na nne, akakaa sakafuni palepale. Mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha Karibu akasema polepole, kama anayeogopa kumfukuza ndege, "Mama, tena." Mama akafikiri, akanyoosha mkono wa kushoto na kuinua kiganja. "Simama." Tukasimama.

16 Machi

Muuguzi hakushangaa. Anasema maneno ambayo mtu ameyatumia maelfu ya mara hujiwekea makao yao kichwani, na kiharusi mara nyingine huyaruka. Nimemuuliza mbona hakutuambia. Amesema angejuaje Mama alikuwa akisema nini darasani.

Jumatatu, 18 Machi

"Simama", taa inawaka. "Kaa chini", inazimika. "Kimya", redio inanyamaza. Na kwa kuwa maneno haya yanatoka safi, Sikio sasa limefunzwa sauti ya Mama peke yake. Jirani amekuja kujaribu, ameulizia uzima wa ukoo wote hadi binamu, na taa haikupepesa.

Mama aliwasha na kuzima mara ishirini. Namjua mama yangu: hakuwa akicheza, alikuwa akisahihisha.

Jumapili, 24 Machi

Sasa ni mkeka. Karibu anasema taa haitoshi, lazima nyumba iweze kuita. Ameomba sponji yangu ya mabega ya makoti, akaitoboa, akaweka karatasi ya fedha ya jikoni juu na nyingine chini, na waya kila upande. Mkeka unakaa upande wa kushoto wa kitanda, anaposhukia Mama. Akiukanyaga asubuhi, karatasi zinagusana, na simu ya pili ndani ya kopo jingine inanibipu: inaita mara moja, inakata. Maana yake Mama ameamka, yuko kwa miguu yake. Ikifika saa mbili hajakanyaga, au karatasi zikigusana muda mrefu kama mtu aliyeanguka juu yake, simu inapiga mara tatu mfululizo. Maana yake njoo.

Nilimuuliza kama kuna haja ya mashine yote hiyo, si ningepita tu asubuhi. Aliendelea kufunga waya. Alijua na mimi nilijua kwamba kuna asubuhi moja sikupita.

25 Machi

Simu imepiga mara tatu saa nane mchana. Nimekimbia mitaa miwili na futi ya kupimia shingoni. Mama alikuwa anakula ndizi.

26 Machi

Tena. Nimekimbia. Alikuwa amelala fofofo.

27 Machi

Tena, mara mbili. Wauza duka wa njiani wameanza kunishangilia.

Jumatano, 27 Machi, baadaye

Nimeufumua mkeka mwenyewe. Unyevu wa mvua umeingia kwenye sponji, karatasi zinashikana zinavyotaka. Karibu alikuwa akiutazama kama mgonjwa mahututi, anataja dawa za kila aina. Nikamwambia hilo si tatizo la umeme, ni tatizo la mshono. Nimekata kitambaa cha koti la mvua, nimekiunga kwa mshono wa kukunja mara mbili, nikapitisha nta ya mshumaa kwenye kila uzi. Alikaa kwenye kigoda ananitazama nikishona kwa saa nzima, na mwisho akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile. Sikumjibu, kichwa kisije kikavimba. Lakini nilipofika nyumbani nilimhadithia mume wangu mara mbili.

Alhamisi, 28 Machi

Amenibipu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini.

29 Machi

Amenibipu. Saa kumi na mbili na nusu.

30 Machi

Amenibipu.

Jumatano, 3 Aprili

Amenibipu, nikaweka simu juu ya cherehani, nikalia. Bora niandike kwa nini.

Siku ile ya Januari nilikuwa na sare sitini za kumaliza. Kila asubuhi hupita kwa Mama na maziwa. Siku ile nikasema nitapita jioni. Alianguka koridoni asubuhi na mapema. Jirani alimkuta saa tisa alasiri, baada ya Kaka kumpigia simu na kumwomba aende kuchungulia. Mtu aliye saa saba kwa basi ndiye aliyeshtuka, na mimi niliye mitaa miwili nilikuwa napiga pindo. Hakuna aliyenisema. Ndiyo maana namkasirikia Kaka kirahisi hivi, nadhani.

9 Aprili

Umeme umekatika tangu jana. Karibu ameleta betri ya pikipiki. Nyumba inasikia gizani, lakini haina taa ya kuwasha. Ameleta na taa ndogo ya betri.

11 Aprili

Sikio limeziba. Sisimizi wamehamia ndani ya kopo na mayai yao, kwa ajili ya joto. Nilidhani atapuliza dawa. Aliwahamisha na brashi ya rangi, familia baada ya familia, akapaka grisi kwenye msumari wasirudi. Ilimchukua asubuhi yote. Huyu ndiye mtu ambaye pasi yangu hajaimaliza.

Jumatatu, 15 Aprili

Amenibipu. Lakini Sikio limeanza ukaidi. Mama amesema "Simama" mara tano kitandani, giza. Mpaka alipokaa wima ukingoni na kukaza sauti ndipo likasikia. Nimemwambia Karibu. Amesema labda ni unyevu, Jumapili ataliangalia.

Jumatatu, 22 Aprili

Ameliangalia, na sasa ni baya zaidi. Kutoka ukingoni halisikii tena. Mama amesimama, ameshika meza, ndipo taa ikawaka. Amekasirika vibaya. Amesema "kimya" kwa Sikio lenyewe, redio ikazimika.

Jumatatu, 29 Aprili

Kila Jumapili anapanda stuli na bisibisi, na kila Jumatatu Sikio ni kiziwi zaidi. Leo Mama amelazimika kufika mlangoni pa chumba na mkongojo wake. Nimemwambia Karibu anaharibu kitu kilichokuwa kizuri. Amesema, "Karibu litakaa sawa, Dada." Neno hilo likinifikia tena nitamlisha pamoja na waya zake.

Jumamosi, 4 Mei

Nimefanya kosa. Kaka amepiga kuulizia hali, na mimi nilikuwa nimetoka kumwona Mama amesimama mlangoni, miguu inatetemeka, anaita taa isiyomsikia. Nikatapika yote. Nikasema mitambo ya Karibu imefeli, kila wiki inazidi kufa. Kaka akasema, "Basi hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Nakuja Jumapili ya wiki ijayo, nakuja na sanduku." Nilikata simu, nikabaki nimeishika. Nimemuuza mdogo wangu, na pengine nimeiuza na nyumba.

6 Mei

Amenibipu. Mvua kubwa. Mama amefika koridoni. Hatua mbili ndani yake, mkono ukutani, anaita "Simama" kwa hasira. Karibu sijamwambia kuhusu Kaka.

Jumatano, 8 Mei

Leo hakunibipu.

Saa kumi na mbili na nusu, kimya. Saa moja, kimya. Nilijiambia ni mvua, amejilaza, kuna baridi. Saa moja na nusu nikavaa viatu nikavivua. Saa mbili kamili simu ikapiga: mara moja, mara mbili, mara tatu.

Nilikimbia. Maji ya mtaani yalifika vifundoni, kiatu kimoja kikabaki njiani, sikukirudia. Nilichokiona mbele yangu ni korido ya Januari. Ufunguo haukutaka kuingia kwenye tundu. Nilipofungua, taa zote zilikuwa zinawaka.

Mama alikuwa sebuleni, amesimama chini ya Sikio, mkono wa kushoto kwenye mgongo wa kiti, wa kulia umening'inia. Peke yake. Mkongojo hakuwa nao. Aliniangalia nilivyolowa, akatazama mguu wangu usio na kiatu, akatazama tope nililoliingiza, na uso wake ulikuwa wa mwalimu anayemwona mtoto kachelewa.

Nilipoweza kupumua nilienda chumbani. Mkeka ulikuwa mzima, mshono wangu mkavu. Ila shuka lilikuwa limevutwa upande wa pili. Ameshukia upande wa kulia, upande wa mguu mbovu, kwa sababu kutoka huko ndiko njia ya mlangoni ni fupi. Hakukanyaga mkeka kwa kuwa hauhitaji tena.

Nikachukua kitambaa kufuta tope koridoni. Nikiwa nimepiga magoti, ndipo nikaziona. Chini kabisa ya ukuta, kuanzia chumbani hadi koridoni, usawa wa kifundo, alama ndogo za penseli, kila moja na tarehe kwa mwandiko wa Karibu: 14/4 ukingoni mwa kitanda, 21/4 kwenye meza, 28/4 mlangoni, 5/5 koridoni. Futi ilikuwa shingoni, nikapima. Kati ya alama na alama kulikuwa na sentimita themanini kamili, hazizidi wala hazipungui. Nimefanya kazi ya vipimo maisha yangu yote, namjua mtu aliyepima.

Sikio halikuwahi kuharibika. Alikuwa akilipunguzia usikivu, wiki baada ya wiki.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemfuata kwenye karakana yake. Alikuwa ndani ya jokofu, miguu tu nje. Nikamwambia nimeziona alama. Miguu ikatulia.

Alitoka, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Akasema muuguzi alimwonya mapema kwamba nyumba ikimfanyia Mama kila kitu, Mama hatafanya lolote tena, na mguu utalala moja kwa moja. Ila ukimwambia tembea, anafumba macho.

"Sasa mimi nikafikiria," alisema, "mwalimu akiona mwanafunzi hamsikii, anafanyaje? Hapazi sauti tu. Anamfuata mpaka alipokaa."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Ungemwonea huruma, Dada. Ungeniambia nimrudishie karibu." Kisha akacheka jina lake mwenyewe, na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko hicho nikamwambia kuhusu Kaka na sanduku. Alikaa kwenye kigari cha kubebea mitungi ya gesi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba alihitaji Jumapili tatu zaidi, afike mlango wa mbele.

Miaka yote nimemcheka kwa kutomaliza. Kumbe kuna kazi ambazo ukizimaliza mapema unaziharibu, na yeye anajua ni zipi. Mimi nisingeweza. Ningeweka swichi mkononi mwake siku ya kwanza, na ningejiona binti mwema.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemuuliza Mama kama anajua Sikio limefanywaje. Nilieleza polepole, kwa ishara, nikiogopa atakasirika. Alinivuta mkono wa gauni hadi koridoni, akaonyesha alama kwa mkongojo, moja, mbili, tatu, nne. Akaipita ya mwisho, akavuka sebule, akagonga sakafu mbele ya mlango mkubwa.

"Hapa," akasema.

Si neno la darasani lile. Tena lilikuwa ndilo neno alilolitaka.

Jumapili, 12 Mei

Umeme umekatika alfajiri, na betri ya pikipiki imekufa kabisa, ilikuwa imevuja. Leo, kati ya siku zote. Karibu ameamkia juu ya stuli, waya mdomoni, anahaha. Mama amekaa sebuleni na gauni la kijivu nililomshonea. Jirani alitaka kuja kusaidia, tukamsihi abaki kwake.

Saa tano, hodi. Niliinuka. "Kaa chini," akasema Mama. Karibu akashuka kwenye stuli. "Kaa chini." Tukakaa wote wawili.

Alijisukuma kutoka kitini. Mara ya kwanza alirudi, mara ya pili akasimama. Kaka alibisha tena, nikajing'ata ulimi nisimjibu. Hatua kumi na moja, nilizihesabu, mguu wa kulia ukiburuta lakini ukija. Komeo lilimshinda kwa mkono wa kulia, akalijaribu kwa wa kushoto, likashindikana, akarudisha wa kulia na kuusaidia kwa kifua. Mlango ukafunguka.

Kaka alikuwa amesimama na sanduku kubwa tupu. Alimwona Mama peke yake mlangoni, akatazama nyuma yake, akatuona sisi tumeketi mikono mapajani kama watoto wa darasa la tatu. Sanduku akaliweka chini, nje, kwenye mvua.

Alipokwisha kukaa aliomba aonyeshwe mitambo. Karibu akamwambia ukweli: umeme hakuna, betri imekufa, hakuna kinachofanya kazi.

"Chochote?"

"Chochote, Kaka."

"Na Mama amekuja kunifungulia."

"Amekuja."

Kaka akakubali kwa kichwa, mara kadhaa. Na mimi, kwa kuwa siwezi kuacha jambo likapoa, nikamuuliza waziwazi, mbele ya Mama, hii nyumba alitaka kuifunga ili iwe ya nani. Karibu akafumba macho. Nilitegemea sauti ya ghala. Haikuja.

"Siku ile nilimpigia saa moja asubuhi," alisema. "Hakupokea. Nikajiambia ameenda sokoni. Nikapiga saa nne, nikajiambia yuko uani. Nimekaa mpaka saa nane ndipo nikamtafuta Jirani. Alinisikia nikimpigia. Simu ilikuwa mezani, na yeye yuko chini, anaisikia." Akasugua magoti. "Tangu hapo ikifika saa moja asubuhi siwezi kushika kikombe. Nilitaka awe chumba cha pili tu, nimsikie akikohoa. Nyumba mtajua wenyewe."

Miezi minne nimelibeba lile la sare sitini peke yangu, kumbe na yeye ana lake. Nilihamia kiti cha pembeni yake. Nikamshika mkono wa koti.

Mama alikuwa amesikiliza yote. Alimnyooshea Kaka mkono wa kulia, ule usiokaza, na akaukaza kadiri ulivyoweza.

Baada ya muda Kaka akasema Mama anabaki. Kisha akamgeukia Karibu, na akauliza kwa aibu, kama mtu anayeomba kazi, "Ile inayombipu Dada asubuhi. Inaweza kunibipu na mimi? Huko mbali inafika?"

Karibu alikwenda mbio kwa mwenye duka la spea, akaazima betri. Akahamishia mkeka upande wa kulia wa kitanda, akaingiza namba ya Kaka, iwe ya kwanza. Alimaliza kabla chai haijapoa. Nilimtazama mikono yake akifunga skrubu ya mwisho, na ninaandika hapa ili nisije nikasahau: sijui fundi bora kuliko mdogo wangu.

13 Mei

Kaka ameondoka na basi la asubuhi. Sanduku ameliacha, limelowa.

Jumanne, 14 Mei

Amenibipu, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano wifi alipopiga. Anasema Kaka ameamka saa kumi na moja, amekaa ukingoni mwa kitanda na simu kwenye viganja vyote viwili, hataki kuongeleshwa. Ilipoita mara moja na kukata, aliiangalia kwa muda, akaenda jikoni, akajimiminia chai mwenyewe. Amekunywa yote.